Nyumba kwa Wanaodhurika Upesi na Kemikali

Mtu aingiapo katika nyumba iliyokamilika majuzi hulakiwa na harufu: rangi, vanishi, gundi, mbao zilizorandwa. Wengi wetu huipenda, kwa kuwa inatuarifu kwamba nyumba ni mpya na mwenyewe hakubania fedha. Kwa mwanakemia, hata hivyo, harufu hiyo ina maana moja tu: molekuli zimekwisha kuziacha kuta na samani, nazo sasa zimo puani na mapafuni mwa mgeni. Wako watu ambao molekuli hizo, hata zikiwa chache mno, huwaletea maumivu ya kichwa, kubanwa kifua, kichefuchefu na uchovu wa siku nyingi. Huko Marekani na Kanada baadhi yao wamehama nyumba baada ya nyumba, na wengine wameishia kulala katika magari na mahema. Makala haya yanaeleza namna makazi ya watu hao yanavyojengwa na kukarabatiwa, na sayansi inayoiongoza kazi hiyo.

Tuanze na fomaldehaidi, HCHO. Wanafunzi wa biolojia wanaifahamu katika umbo la fomalini, yale maji yanayohifadhia vyura na samaki maabarani. Yenyewe ni gesi isiyo na rangi, ichemkayo kwenye nyuzi 19 za Selsiasi chini ya sifuri. Viwandani huunganishwa na urea ili kupata gundi ya bei nafuu, nayo gundi hiyo ndiyo ishikamanishayo plaiwudi nyingi na zile mbao zinazofinyangwa kwa maranda na unga wa mbao. Tatizo ni kwamba muungano huo si wa kudumu. Unyevu wa hewa huvivunja viungo vyake polepole kwa njia ya hidrolisisi, na fomaldehaidi ikatoroka tena. Kwa hiyo kabati jipya haliishi kutoa gesi siku linapoacha kunuka. Huendelea kwa miezi, pengine kwa miaka, na hutoa zaidi katika joto na unyevu. Gundi iliyotengenezwa kwa fenoli badala ya urea hushika viungo vyake kwa nguvu zaidi, na hutoa gesi kidogo sana. Fundi mwenye busara huuliza aina ya gundi kabla hajauliza bei ya ubao.

Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka fomaldehaidi katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010, linashauri kwamba hewa ya ndani isizidi miligramu 0.1 ya gesi hiyo katika kila mita moja ya ujazo, kwa kipimo cha nusu saa.

Je, kiasi hicho kinafikiwa kwa urahisi? Tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili ataimudu. Tuchukue chumba chenye mita za ujazo 30, na ndani yake dari na makabati ya mbao za gundi yenye eneo la mita za mraba 20. Tuseme kila mita ya mraba hutoa miligramu 0.15 kwa saa. Jumla ni miligramu 3 kwa saa. Ikiwa hewa yote ya chumba hubadilishwa mara moja kwa saa, gesi itatulia kwenye 3 kugawanya kwa 30, yaani 0.1: tumefika ukingoni. Madirisha yakizibwa hata hewa ikabadilika mara moja kwa saa mbili, kiasi kitakuwa 0.2. Upepo ukipita na kuibadilisha mara nne kwa saa, kitashuka hadi 0.025. Chumba ni kilekile na mbao ni zilezile. Kilichobadilika ni hewa tu.

Hesabu hii inaeleza mengi yaliyotokea katika nchi za baridi baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973. Ili kuokoa joto, wajenzi waliziba kila ufa. Nchini Kanada nyumba nyingi zilijazwa kutani povu la urea na fomaldehaidi, mpaka serikali ilipolipiga marufuku mwaka 1980. Hata waliokabidhiwa kazi ya kulinda mazingira hawakusalimika: kuanzia mwaka 1987 zulia jipya lilitandikwa katika makao makuu ya Wakala wa Hifadhi ya Mazingira wa Marekani, mjini Washington, na watumishi wengi wakalalamika kwamba wanaugua humo humo ofisini. Baadaye, wahanga wa tufani Katrina ya mwaka 2005 walipewa nyumba ndogo za magurudumu zilizojaa mbao za gundi. Nyumba 519 zilipopimwa katika majira ya baridi ya 2007 na 2008, wastani ulikuwa sehemu 77 za fomaldehaidi katika sehemu bilioni moja za hewa, na nyumba moja ilifikia 590. Wastani huo ni karibu sawa na mpaka tulioutaja, nao ulipatikana katika msimu ambao mbao hutoa gesi kidogo.

Yote hayo yahusu watu wa kawaida. Wale wanaodhurika upesi wanasema kwamba wanaumwa kwa viwango vilivyo chini sana ya hivyo, tena kwa vitu vingi visivyofanana: rangi, manukato, sabuni, moshi wa magari. Daktari Theron Randolph wa Chicago aliandika habari zao katika kitabu cha mwaka 1962, na mwaka 1987 Mark Cullen wa Chuo Kikuu cha Yale aliipa hali hiyo jina na maelezo yaliyoenea. Hata hivyo, wanasayansi hawajakubaliana. Mwaka 1993 watafiti wa Denver waliwaingiza wagonjwa 20 katika chumba maalumu, mara penye kemikali, mara penye hewa safi, bila kuwaambia. Hakuna aliyeonyesha mfululizo wa majibu unaoaminika. Uchunguzi wa majaribio 37, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba wagonjwa hujibu hasa pale wanapoweza kutambua kuwa kemikali ipo.

Wapo waliosoma matokeo hayo wakasema, basi, wagonjwa wanajisingizia. Hiyo si hoja ya kisayansi. Jaribio lilihoji sababu, halikuhoji maumivu. Mtu anayepumua kwa shida hajapona kwa kuambiwa kwamba chanzo hakijulikani, na nyumba yenye hewa nzuri haimdhuru yeyote. Ninachokipinga ni biashara iliyozuka kandokando: mashine za ozoni, kwa mfano, huuzwa kusafisha hewa ilhali ozoni yenyewe huunguza mapafu.

Ujenzi wenyewe hufuata mpango wenye ngazi. Kwanza chanzo huondolewa: sakafu ya vigae badala ya zulia, fremu za chuma au mbao ngumu, rangi isiyo na viyeyushi. Kisichoweza kuondolewa huzibwa, kama vile ubao wa kabati kufunikwa pande zote, na kingo zake pia, kwa maana kingo zisizofunikwa ndizo zivujazo zaidi. Kisha hewa hupitishwa. Jiko la gesi na gari huwekwa mbali na vyumba vya kulala. Katika ukarabati hatari kubwa ni haraka. Rangi ipakwe mwenye nyumba akiwa kwingine, madirisha yaachwe wazi kwa majuma kadhaa, na kazi ifanywe chumba kimoja kimoja ili abakiwe na mahali pa kukimbilia.

Lakini watu hao hawafanani. Mwaka 1994 jengo la fleti 11 lilifunguliwa kwa ajili yao mjini San Rafael, California, likiwa limechaguliwa vifaa kwa uangalifu mwingi. Baadhi ya wapangaji waliugua humo hata hivyo. Mjini Zürich, Uswisi, jengo la namna hiyo lilifunguliwa mwaka 2013, lenye lipu za asili na marufuku ya sigara na manukato. Tena neno "asili" lisitupumbaze: mbao za msonobari hutoa tapini, ambayo ni ya asili kabisa, na huwasumbua wengi.

Msomaji wa pwani atakumbuka nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja, zilizojengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Chokaa hukauka kwa kunyonya kaboni dayoksaidi na kurudi kuwa jiwe, Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O, na kinachotoka ni maji tu. (Ikiwa mbichi huunguza macho, fundi ajihadhari.) Hata hivyo nyumba kuukuu si salama kwa ukuukuu wake. Adui yetu ni mchwa, na kwa miaka mingi dawa yake ilikuwa aldrini na dieldrini, zilizomwagwa chini ya misingi na ambazo hudumu udongoni miaka mingi. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliziweka miongoni mwa sumu za kukomeshwa. Badala yake mjenzi aweza kutia bati kati ya msingi na mbao, au kuzilowesha mbao katika chumvi za boroni, ambazo hazitoi mvuke.

Shule isiyo na vyombo vya kupimia bado yaweza kufanya uchunguzi. Zichukuliwe chupa za glasi zenye vifuniko vya chuma, zioshwe na kukaushwa. Katika chupa moja kiwekwe kipande cha plaiwudi, katika nyingine kigae, katika ya tatu lipu ya chokaa iliyokauka. Ya nne iachwe tupu. Zifungwe, zifunikwe kwa karatasi, zianikwe juani siku nzima. Kesho yake mwanafunzi asiyejua kilichomo azifungue na kunusa kwa mbali, huku aliyezipanga akikaa nje ya chumba, ili asimwonyeshe jibu hata kwa uso. Mwenye pumu asipewe kazi ya kunusa. Apewe daftari la kuandika majibu.