Una Sola na Jenereta? Usiziache Zikutane Ovyo

Stima ikipotea, wengi wenu hushangaa kuona sola ya paa nayo imezima, na jua linawaka ajabu. Wateja wanaolipia sola kidogo kidogo kwa simu hutuuliza sana kama imeharibika. Haijaharibika. Inveta iliyounganishwa na laini ya Kenya Power bila betri imeundwa ijizime laini ikikosa stima, ili isimuue fundi aliye juu ya nguzo akitafuta hitilafu.

Shida huanza mtu akiwasha jenereta ndio nyama kwa friji isiharibike. Jenereta inatoa volti 240, na inveta haijui hiyo ni jenereta. Inadhani Kenya Power wamerudisha. Baada ya dakika chache inajiunga na kuanza kumwaga stima yake. Tuseme ni saa sita mchana, paneli zinatoa kilowati 5 na duka lako linatumia 1. Hizo 4 zingine zitaenda wapi? Zinasukumwa kwa jenereta, na jenereta ni mashine ya kutoa stima, si ya kupokea. Volti zinapanda, injini inakimbia kupita kiasi, na unaweza kuchoma jenereta, inveta na hata TV kwa mchana mmoja.

Hiyo ni hasara ya pesa. Kuna mbaya zaidi, nayo ni ile waya yenye plagi pande zote mbili, ya kuchomeka jenereta kwa soketi ya ukutani. Tafadhali, usitumie kabisa. Ukiichomoa upande mmoja, vile vyuma unavyoshika vina stima. Na kama hukuzima swichi kuu, stima yako inatoka hadi kwa transfoma ya mtaa. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili: volti 240 zikiingia kutoka kwako, upande wa pili zinaweza kutoka zikiwa 11,000. Huko ndiko fundi ameshika waya akijua imekufa.

Dawa si ghali ukilinganisha. Weka swichi ya kubadilisha njia, ile mafundi huita chenjova, yenye nafasi tatu: Kenya Power, sifuri, jenereta. Haiwezi kuwa pande mbili kwa wakati mmoja. Lakini sikiza hapa, kwa sababu hata mafundi wengine hukosea: inveta ya sola iunganishwe upande wa Kenya Power, kabla ya swichi, si upande wa nyumba. Hivyo ukigeuza kwenda jenereta, sola inabaki nje. Ndiyo, utapoteza jua kwa muda huo, na tunaona ni sawa tu.

Kama hutaki kulipoteza, nunua inveta ya haibridi yenye betri na mahali maalum pa kuingizia jenereta. Hapo inveta yenyewe ndiyo inapanga nani anatoa nini. Mwambie fundi apunguze kasi ya kuchaji: betri ya volti 48 ikichajiwa kwa ampea 60 inakula karibu kilowati 3, na jenereta ndogo itakohoa hadi izime.

Jenereta yenyewe ikae nje, mbali na madirisha. Kuiwasha ndani ya duka mlango ukiwa nusu wazi kunaua, maana moshi wake una gesi isiyo na harufu.

Sasa pesa. Kabla ya kutuma deposit, uliza fundi leseni yake ya EPRA. Kwa sola iliyounganishwa na laini, au ya haibridi, leseni inayotakiwa ni ya daraja la T3; ya T1 ni ya vifaa vidogo tu. Lipa kwa till ya biashara, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN.

Usimalizie malipo siku ya kufunga vifaa kabla hamjafanya jaribio hili pamoja. Jua likiwa kali, zimeni swichi kuu, geuzeni kwenda jenereta, mngoje dakika kumi. Inveta isiyo ya haibridi ikianza kutoa stima, kazi haijaisha, na pesa iliyobaki ikae kwa simu yako. Ikitulia, mlipe, na ile SMS usiifute: ndiyo risiti yako siku ya kudai waranti.