Kidonge Kilichotokana na Ukungu wa Mchele

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya lehemu iliyomo mwilini mwako hukuila? Lamadi, mji wa samaki wilayani Busega, mtu akiandikiwa dawa ya lehemu si ajabu akauliza: "Daktari, mimi nakula ugali, dagaa na michembe. Hayo mafuta yametoka wapi?" Swali la haki kabisa. Yametoka kwenye ini.

Ini hutengeneza lehemu usiku na mchana, maana bila lehemu hakuna kuta za seli, nyongo wala homoni kadhaa. Mwaka 1964 George Mann na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Wamasai wa Tanganyika: wanaume walioishi kwa maziwa na nyama, na bado lehemu kwenye damu yao ilikuwa chini. Baadaye watafiti wengine waligundua kwamba chakula kikiwaletea lehemu nyingi, miili yao hupunguza ile inayojitengenezea. Bahati hiyo si ya kila mtu.

Kwa wengine kuna jamii ya dawa iitwayo statini. Mjapani Akira Endo alianza kuitafuta mwaka 1971 kwa kupima maelfu ya kuvu, akiamini kwamba baadhi yake hujilinda kwa kuwazuia vijidudu wengine wasitengeneze lehemu yao. Mwaka 1973 akaipata kwenye ukungu uliotoka katika mchele wa duka la nafaka mjini Kyoto. Dawa ya kwanza ya jamii hiyo, lovastatini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987.

Kidonge hiki hakiyeyushi mafuta mishipani, ingawa wengi ndivyo wanavyoamini. Hukizuia kimeng'enya ambacho ini hukitegemea kutengenezea lehemu. Ini likipungukiwa huongeza vipokezi juu ya seli zake na kuivuta lehemu mbaya kutoka kwenye damu. Ukiacha dawa, kimeng'enya hurudi kazini na lehemu hupanda tena. Kwa hiyo majibu mazuri ya maabara maana yake ni kwamba dawa inafanya kazi, si kwamba umepona.

Simvastatini humezwa jioni, kwa sababu haikai sana mwilini na ini huchapa kazi zaidi usiku. Atorvastatini inakaa muda mrefu. Meza saa yoyote, ila iwe ileile kila siku. Umesafiri Mwanza ukaisahau nyumbani? Usimeze viwili kesho yake. Hata daktari akiongeza dozi mara mbili, lehemu mbaya hushuka kwa takriban asilimia 6 tu zaidi.

Juisi ya balungi na baadhi ya antibiotiki, kama erithromaisini, zinaweza kuipandisha dawa hii kwenye damu kupita kiasi, kwa hiyo mwonyeshe daktari kila dawa unayotumia. Mjamzito amwambie daktari mapema. Kwa kawaida dawa husimamishwa. Na misuli ikiuma bila sababu, au mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, wahi hospitali siku hiyohiyo.