Bembea ya Kiti Mwendo katika Ardhi ya Upareni

Bembea ya kawaida humtaka mtoto apande mwenyewe, ashike minyororo kwa mikono miwili na ausimamishe mgongo wake asianguke nyuma. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, au aliyezaliwa na mgongo wazi, mara nyingi hushindwa mojawapo ya mambo hayo, na kumhamisha kutoka kwenye kiti mwendo hadi kwenye ubao ni kazi inayozidi kuwa ya hatari kadiri anavyokua. Bembea ya kiti mwendo imebuniwa ili uhamisho huo usiwepo kabisa: mahali pa ubao huwekwa jukwaa la chuma lenye kingo, mtoto akasukumwa juu yake akiwa ameketi kwenye kiti chake, magurudumu yakafungwa kwa mikanda au ndoano, na kibao cha mteremko alichopandia kikainuliwa na kukomewa ili kiwe kizuizi cha nyuma.

Kifaa hiki hakipaswi kuhesabiwa kuwa anasa. Ndani ya sikio mna mifereji mitatu midogo yenye majimaji, pamoja na vifuko viwili vyenye chembechembe za chokaa, ambavyo huuarifu ubongo kichwa kimeelekea wapi na mwendo unabadilikaje. Mtoto anayekimbia na kupanda miti huvipa viungo hivyo mazoezi kutwa nzima bila mtu yeyote kupanga, ilhali mtoto anayeshinda ameketi huyakosa mpaka apatikane mtu au chombo cha kumsogeza. Tena Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja michezo ya watoto katika Ibara ya 30, na Sheria ya Mtoto ya mwaka huohuo ikauweka mchezo na mapumziko katika orodha moja na chakula, malazi, matibabu na elimu.

Anayeiona bembea hii kwa mara ya kwanza hushtuka kwamba jukwaa huinama linapopanda, naye hudhani kuwa lingekuwa salama zaidi kama lingebaki limelala sawa muda wote, jambo linalowezekana kwa kulining'iniza kwenye mihimili miwili sambamba. Fizikia inaonyesha kinyume chake. Sinia lenye kikombe cha maji likibembezwa kwa kamba halimwagi maji, kwa kuwa huinama pamoja na kamba na maji huendelea kukandamiza kitako cha kikombe. Vivyo hivyo, jukwaa lililoshikwa kwa mikono migumu kwenye mhimili mmoja huelekeza uzito wa kiti kwenye sakafu yake, ilhali jukwaa linalobaki sawa huyaacha magurudumu yakivutwa mbele na nyuma, na mvuto huo wote hubebwa na breki na mikanda. Magurudumu hufungwa katika miundo yote miwili, ila katika wa pili mkanda uliochakaa ni hatari kubwa zaidi.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote humkabili yule anayepita karibu. Bembea yenye mikono ya mita 2.4 ikivutwa hadi nyuzi 30 hupita chini kwa kasi ya takriban mita 2.5 kwa sekunde, iwe nzito au nyepesi. Kinachobadilika ni nguvu ya mgongano, ambayo kwa mtoto wa kilo 30 aliye kwenye kiti cha kilo 15 juu ya jukwaa la kilo 100 huzidi mara nne ile ya mtoto huyohuyo kwenye ubao, tena anayepigwa hupigwa na ukingo wa chuma. Kwa sababu hiyo nchini Australia, ilikobuniwa bembea iitwayo Liberty Swing, kifaa hicho huzungushiwa uzio wenye lango la kufungwa kwa ufunguo. Uzio ni wa lazima, lakini kufuli linalomfanya mtoto abembee peke yake huku wenzake wakimtazama linamnyima nusu ya mchezo. Bustani ya Morgan's Wonderland iliyofunguliwa mwaka 2010 huko San Antonio, Texas, imefuata njia bora zaidi kwa kuziweka bembea za namna hii ndani ya uwanja mmoja ambamo wenye ulemavu na wasio nao hucheza pamoja.

Mjini Same, kwenye tambarare kavu chini ya milima ya Upareni, jukwaa la aina hii linaweza kufaa, ila mchanga unaomwagwa chini ya bembea za kawaida ili kupunguza maumivu ya kuanguka ndio huohuo unaoyazamisha magurudumu madogo ya mbele ya kiti mwendo, kwa hiyo njia ya kulifikia jukwaa inahitaji kifusi kilichoshindiliwa vizuri. Kivuli nacho ni sehemu ya usalama: bamba la chuma lililochomwa na jua la mchana linaweza kumuunguza mtoto mwenye mgongo wazi, ambaye huenda hana hisia miguuni, bila yeye kujua wala kulia.

Milimani, kuelekea Vudee, Chome au Mamba, hali ni tofauti kabisa. Viwango vya Marekani haviruhusu njia ya mteremko ipande zaidi ya sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu, na vijia vingi vya huko ni vikali mno kuliko hivyo, kiasi kwamba mtoto asiyetembea hubebwa mgongoni, hata kama kiti mwendo kipo nyumbani. Kumjengea mtoto huyo jukwaa la magurudumu ni kumtatulia shida isiyokuwa yake. Kinachomfaa zaidi ni bembea ya kikapu, yaani pete pana ya bomba iliyosukwa wavu wa kamba, ambamo hulazwa au kuketishwa pamoja na ndugu yake, mkono wa mzazi ukiwa karibu na kichwa chake. Kamba za katani, ingawa mkonge unalimwa tambarare ya Makanya na Ndungu, huoza upesi kwenye ukungu na mvua za milimani, hivyo nailoni ni bora. Bomba nalo lipakwe zinki.

Fremu yenyewe inaweza kutengenezwa na mafundi wa kuchomelea waliopo Same, mradi vipimo vya kukalisha mwili vitoke kwa wataalamu, na chuo cha TATCOT kilichopo katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, umbali wa takriban kilomita 100, hufundisha wataalamu wa viungo bandia na viti mwendo. Baada ya ujenzi, mtu mmoja anayejulikana kwa jina apewe kazi ya kukaza nati, kutia grisi kwenye beringi, kukagua kila kiungo kilichochomelewa na kubadilisha mikanda kabla haijakatika, na posho yake iingizwe katika bajeti tangu siku ya kwanza.