Aidini: Kitu Kimoja, Vipimo Mbalimbali

Katika nyumba nyingi kipo kichupa cha maji ya rangi ya hudhurungi. Hutolewa mtoto anapojikata, kisha hurudishwa kabatini kikasahauliwa. Dawa hiyo ni aidini, na wengine huiita iodini. Tumeona yafaa tuwaeleze wasomaji wetu, na hasa vijana, asili yake, kazi zake na hatari zake. Kwani kitu hiki kikitumiwa kwa kipimo huponya, na kikipita kipimo hudhuru.

Asili yake

Mnamo mwaka 1811 Mfaransa mmoja, Bernard Courtois, alikuwa akitengeneza shura ya baruti kwa majivu ya mwani. Siku moja tindikali ilizidi katika majivu hayo, ukapanda mvuke wa rangi ya urujuani, nao ulipopoa ukaganda ukawa chembe nyeusi zenye kung'aa. Kwa sababu ya rangi ile kikapewa jina litokalo katika neno la Kiyunani lenye maana ya urujuani.

Chembe hizo haziyeyuki vema katika maji matupu. Lita nzima hupokea sehemu ndogo tu ya gramu moja. Lakini mkitiwa chumvi iitwayo potasiamu iodaidi, aidini hushikana na chumvi hiyo na kuyeyuka upesi. Kwa njia hii daktari Mfaransa Jean Lugol alitengeneza mwaka 1829 dawa ijulikanayo hata leo kwa jina lake: gramu 5 za aidini na gramu 10 za chumvi ile katika mililita 100 za maji. Iko pia aidini iliyoyeyushwa katika spiriti, nayo huchoma sana kidondani. Tena tangu mwaka 1955 imepatikana aidini iliyofungamanishwa na povidoni. Hiyo hujitoa kidogo kidogo wala haichomi kama ile ya spiriti, nayo ndiyo inayouzwa sana madukani siku hizi.

Kazi zake

Kwanza, aidini huua vijidudu. Kidonda kioshwe kwa maji safi kabla ya kupakwa. Jeraha lenye kina na mahali palipoungua pana si kazi ya kichupa cha nyumbani, bali ni kazi ya hospitali. Wala mtoto mchanga asipakwe bila ya amri ya mganga, kwa kuwa ngozi yake huinywa dawa hiyo.

Pili, aidini hufichua wanga. Vijana na watie tone moja juu ya kipande cha muhogo: mara kitageuka buluu iliyokaribia weusi. Watie juu ya sukari, hakitatokea kitu. Kwa njia hiyo hiyo hujulikana maziwa yaliyotiwa unga ili yaonekane mazito. Maziwa kidogo huchemshwa, yakapozwa, kisha hutiwa matone mawili. Yakigeuka buluu, muuzaji ana la kujibu. Maziwa na muhogo vilivyojaribiwa vimwagwe, visiliwe.

Hatari yake

Mwili wa mtu mzima wahitaji aidini yapata maikrogramu 150 kwa siku, nayo mama mjamzito huhitaji zaidi. Ikipungua, huota rovu shingoni, na mtoto aliye tumboni aweza kuzaliwa na upungufu wa akili. Ndiyo sababu chumvi ya kula hutiwa aidini, ile iandikwayo "madini joto" huko Tanzania.

Hapa ndipo watu hukosea. Mtu husikia kwamba aidini yafaa kwa tezi, akachukua kichupa cha dawa akatia matone katika maji ya kunywa. Basi na ahesabu: tone moja tu la dawa ya Lugol lina aidini ipatayo mara 40 ya haja ya siku nzima. Tezi yaweza kuharibika kwa wingi huo kama iharibikavyo kwa uchache. Waganga huwapa baadhi ya wagonjwa dawa hiyo wainywe, lakini kwa kipimo na kwa muda maalumu, nao huwaangalia.

Kwa hiyo twawanasihi wazazi: haja ya mwili itafutwe katika chumvi, na kichupa kiwe cha jeraha tu. Kiandikwe jina, kiwekwe juu pasipofikiwa na watoto. Mtoto akiinywa, asilazimishwe kutapika; apelekwe hospitali upesi, na kichupa kichukuliwe pamoja naye ili mganga ajue ni aidini ya namna gani na kiasi gani kimepungua.