HESABU YA SEHEMU KATIKA SHAMBA LA MAHINDI

Mkulima anaponunua mbegu na mbolea, hununua kwa kilo. Anapolima, hulima kwa ekari. Lakini ni mashamba machache tu ambayo ni ekari 1 kamili au ekari 2 kamili. Mengi ni ekari moja na nusu, au robo tatu, au zaidi kidogo. Kwa hiyo mkulima asiyejua hesabu ya sehemu hukisia tu. Akikisia kidogo, mahindi yake hunyauka rangi na kuwa manjano. Akikisia kingi, fedha yake hupotea ardhini. Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua kalamu na daftari, uifuate hatua kwa hatua.

1. Sehemu ni nini

Wazee wetu walipima nafaka kwa pishi. Pishi moja ni vibaba vinne. Basi kibaba kimoja ni robo ya pishi, nacho kisaga, yaani vibaba viwili, ni nusu. Hizo ndizo sehemu. Huandikwa kwa namba mbili. Namba ya chini, iitwayo asili, yaonyesha kitu kimegawanywa mafungu mangapi yaliyo sawa. Namba ya juu, iitwayo kiasi, yaonyesha umechukua mafungu mangapi. Kwa hiyo 3/4 ni mafungu matatu kati ya manne, yaani robo tatu.

Namba nzima ikiandikwa pamoja na sehemu, kama 1 1/2, huitwa namba mchanganyiko. Ukitaka kuigeuza iwe sehemu tupu, zidisha namba nzima kwa namba ya chini, kisha ongeza namba ya juu: 1 × 2 + 1 = 3. Basi 1 1/2 ni sawa na 3/2, yaani nusu tatu.

2. Pima shamba kwanza

Ekari moja ni karibu hatua 70 kwa hatua 70, hatua ya mtu mzima ikiwa yadi moja. Zidisha 70 kwa 70, utapata 4,900. Shika namba hiyo.

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Mtu akitaka nusu ekari hupima hatua 35 kwa hatua 35, kwa kuwa 35 ni nusu ya 70. Sivyo! Amekata nusu ya urefu, kisha akakata nusu ya upana pia. Nusu ya nusu ni robo:

1/2 × 1/2 = 1/4

Katika kuzidisha sehemu, zidisha namba za juu pamoja, na namba za chini pamoja. Nusu ekari ya kweli ni hatua 70 kwa hatua 35.

Kosa hili lina hasara kubwa. Tuseme unakodi shamba kwa shilingi 80,000 kwa ekari. Ukipimiwa hatua 35 kwa 35 na kuambiwa ni nusu ekari, utalipa shilingi 40,000 kwa shamba ambalo kodi yake ya haki ni shilingi 20,000. Tena utatia humo mbolea ya nusu ekari, nayo ni maradufu ya inayotakiwa. Basi usikubali neno "nusu" mpaka umetembea pande zote mbili mwenyewe.

Shamba lisilo na upande wa hatua 70 hupimwa vivyo hivyo. Shamba la hatua 49 kwa hatua 75 ni 3,675. Iweke juu ya 4,900: 3,675/4,900. Gawanya juu na chini kwa 25, utapata 147/196. Gawanya tena kwa 49, utapata 3/4. Shamba hilo ni robo tatu ya ekari.

3. Kujumlisha

Tuseme una mashamba mawili: moja ekari 1 1/2, na hilo la ekari 3/4. Huwezi kujumlisha nusu na robo kabla hujazifanya za namna moja, kama usivyoweza kujumlisha pishi na vibaba. Nusu moja ni robo mbili. Basi:

1 2/4 + 3/4 = 1 5/4

Robo tano ni ekari moja kamili na robo. Kwa hiyo jumla ni ekari 2 1/4. Usijumlishe namba za chini. Hizo ni jina tu la fungu.

4. Kutoa

Umempa kibarua kazi ya palizi katika ekari 2 1/4, nawe unamlipa kwa ekari. Umepima ukaona amemaliza ekari 1 2/3. Imebaki kiasi gani? Tafuta namba ambayo 4 na 3 zote zaigawanya bila kubakiza, ni 12. Robo moja ni 3/12, na theluthi mbili ni 8/12:

2 3/12 − 1 8/12

Sasa 3 haitoshi kutoa 8. Basi vunja ekari moja nzima iwe 12/12, uiongeze kwenye 3/12:

1 15/12 − 1 8/12 = 7/12

Imebaki 7/12, yaani zaidi kidogo ya nusu ekari. Mlipe kibarua haki yake kwa iliyokwisha, na weka akiba ya iliyobaki.

5. Kuzidisha: mbegu na mbolea

Ukipanda kilo 10 za mbegu ya mahindi kwa ekari, geuza 2 1/4 iwe 9/4, kisha zidisha:

10 × 9/4 = 90/4 = 22 1/2

Zatakiwa kilo 22 1/2. Pakiti ikiwa ya kilo 2, gawanya: 22 1/2 kwa 2 ni 11 1/4. Duka halikati pakiti, kwa hiyo nunua 12.

Mbolea ya kupandia, kama DAP, ikiwa mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari, zatakiwa kilo 50 × 9/4 = 112 1/2. Hiyo ni mifuko miwili mikubwa na robo mfuko.

Shimoni, tumia kifuniko cha chupa ya soda. Kikijaa bila kufanya kilima hubeba karibu gramu 5. Ukipanda kwa sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari ina karibu mashimo 9,000. Tia kifuniko kimoja kila shimo. Ukipanda kwa sentimita 75 kwa 30, mbegu moja moja, mashimo ni mara mbili, basi tia nusu kifuniko. Ukiendelea kutia kifuniko kizima, mfuko utakwisha ukiwa umefika nusu tu ya shamba. Funika mbolea kwa udongo kidogo kabla ya kuweka mbegu, maana mbolea ikigusa mbegu huiunguza.

6. Kugawanya

Jozi ya ng'ombe hulima ekari 3/4 kwa siku. Ekari 2 1/4 zitachukua siku ngapi? Katika kugawanya, pindua sehemu ya pili, kisha zidisha:

9/4 ÷ 3/4 = 9/4 × 4/3 = 36/12 = 3

Ni siku tatu. Basi agiza ng'ombe mapema, kabla mvua za kupandia hazijaanza.

Kumbuka

Pima pande zote mbili za shamba. Andika vipimo katika daftari. Fanya hesabu nyumbani, si mbele ya mwenye duka. Kisha mpe mtoto anayesoma aikague, naye atafaidika. Ukikwama, mwulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kijiji chako, ukiwa na daftari hilo mkononi.