Polima Ziozazo na Safari ya Dawa Mapafuni

Dawa ivutwayo kwa pumzi hukabiliwa na vikwazo viwili. Chembe nzito zenye upana uzidio mikromita 5 hivi aghalabu hunasa kooni. Zilizo ndogo hufika kwenye vifuko vya hewa, lakini humo humezwa upesi na seli zinazoyalinda mapafu. Mwaka wa 1997, David Edwards, Robert Langer na wenzao nchini Marekani walionyesha jinsi ya kuvikwepa vyote viwili. Walitengeneza chembe kubwa zenye vitundu vingi, nyepesi mithili ya sufi, kwa polima ya asidi ya laktiki (ile ile ipatikanayo katika maziwa lala) na asidi ya glikoliki. Wepesi wake ulizipeperusha hadi ndani. Ukubwa wake ulizishinda seli kumeza. Insulini iliyotiwa humo ilidumu damuni mwa panya kwa saa 96.

Polima hiyo huvunjwavunjwa na maji ya mwili, nayo dawa huchujuka polepole. Hapo ndipo penye utata. Kuoza kwake huweza kuchukua majuma kadhaa, ilhali mgonjwa huenda akahitaji dawa kila siku: chembe za jana hazijaisha, za leo zimewadia, na mapafu hayana ghala.