Bawa la Kufaa Anga ya Voi

Tarehe 14 Mei 1931, eropleni ndogo aina ya Gipsy Moth iliruka kutoka kiwanja cha Voi ikiwa na watu wawili: mwindaji Mwingereza Denys Finch Hatton na mtumishi wake Kamau. Ilizunguka juu ya kiwanja, kisha ikaanguka na kushika moto. Wote wawili walikufa. Finch Hatton alikuwa amekwenda Voi kutazama kama tembo wanaweza kutafutwa kutoka angani. Baadaye jambo hilo likawa kazi ya kila siku ya marubani wa Tsavo, ila wao hawakufuata pembe, walifuata majangili.

Nimeanza na msiba huo, ndugu msomaji, kwa sababu wapo vijana wenye mikono ya ufundi wanaoota kujiundia ndege nyumbani. Mwaka 2010 magazeti yalieleza habari za Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta hapa Kenya, aliyefanya hivyo hasa. Mara nyingi swali la kwanza la kijana wa namna hiyo ni injini. Mimi ningemwuliza bawa.

Voi iko chini ukiilinganisha na Nairobi, lakini ina jua. Mchana wa digrii 35, hewa yake huwa nyepesi kama ya mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,400. Bawa lililopigiwa hesabu kwa hewa ya baridi ya Ulaya litaomba kiwanja kirefu kuliko ulichonacho, na mwisho wa kiwanja ni miiba.

Tazama ndege wa Mungu. Mbayuwayu ana mabawa membamba yenye ncha kali, anapita kama mshale. Tai ana mabawa mapana, naye huelea juu ya mlima Sagalla bila haraka, akitazama chini. Anayetaka kuruka polepole juu ya pori la Taita amwige tai: bawa pana, lenye mgongo uliobinuka vyema. Yale mabawa laini ya ndege za mbio yanavutia sana kwenye picha, lakini wadudu wakikaukia ukingoni mwake, sifa yake hupungua. Na wadudu Voi hawana uhaba.

Je, mabawa mawili au moja? Mapema mwaka 1916, wakati wa vita na Wajerumani, kikosi cha 26 cha ndege za Uingereza kilikuwa Mbuyuni, kwenye njia ya Taveta, na ndege za BE2c za mbao na kitambaa. Mabawa yalikuwa mawili, moja juu ya jingine, yamefungwa kwa nguzo na waya, imara kama sanduku bila uzito mkubwa. Moth nayo ilikuwa hivyo, tena mabawa yake yalikunjwa nyuma ikalala bandani. Lakini waya na nguzo hizo hukokota hewa, na bawa la chini humziba rubani macho.

Ndiyo maana naipenda Super Cub, iliyotoka Marekani mwaka 1949. David Sheldrick, mlinzi mkuu wa Tsavo Mashariki hadi mwaka 1976, aliirusha. Bawa lake ni moja, liko juu ya kichwa cha rubani, mbali na vichaka. Lina urefu wa mita 10.7 toka ncha hadi ncha na eneo la mita za mraba 16.6, ndege ikijaa, kilo 794, kila mita ya mraba hubeba kilo 48 tu. Ikiteremsha vibawa vya nyuma inaweza kwenda hadi kilomita 69 kwa saa, mwendo wa matatu isiyo na haraka.

Chini ya mwendo huo hewa huachana na mgongo wa bawa, nalo haliinui tena. Hapo ndipo penye kifo. Rubani akiona tembo akalaza ndege digrii 60 ili azunguke, mwendo huo wa hatari hupanda kutoka 69 hadi karibu 98, naye macho yako chini, hayako kwenye saa ya mwendo. Kwa hiyo fundi azipinde ncha za bawa digrii mbili au tatu, zikutane na upepo kwa pembe ndogo kuliko shina. Shina litachoka kwanza, ndege itatetemeka, na rubani bado atakuwa na usukani wa kujiokoa.

Kabla ya kuruka iko ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Kabla ya hiyo, uko mchanga. Bawa hugeuzwa chali na kupakiwa uzito, kwa kuwa ndege ndogo ya kawaida lazima istahimili mara 3.8 ya uzito wake. Ikiwa ndege yako na watu wake ni kilo 500, hiyo ni kilo 1,900, nusu yake kila upande: magunia 19 ya kilo 50. Mchanga wa Mto Voi utatosha. Yapange moja moja, mengi zaidi karibu na shina, ukisikiliza mbao.